Kabla theluji haijaanguka: kwa wenye Harley za jeshi

Kila mwaka ifikapo mwezi wa tatu, theluji inapoanza kuyeyuka huku Wisconsin, Marekani, simu ya karakana yetu huanza kuita asubuhi na mapema. Wapigaji ni tofauti, malalamiko ni yale yale. Kiki imekuwa nzito kama mtu anakanyaga tope. Injini imewaka kwa tabu, moshi wa bluu ukajaa banda zima, na sasa chini ya pikipiki kuna dimbwi la oili. Mwenye mali ana hakika pistoni zimekwisha na ameshaanza kupiga hesabu ya injini nzima kufunguliwa.

Mara nyingi hakuna kilichokufa. Shida yenyewe ilianza mwezi wa kumi na moja, siku alipoiegesha na kufunga mlango.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja wa Kigoma na WLA yake, Harley ya jeshi ya Vita vya Pili vya Dunia, juu ya trela. Nikamwamkia, akaitikia, halafu hakutaka mazungumzo mengi.

"Fundi, niambie ukweli. Imekufa?"

"Mzee wangu, uliongeza oili?"

"Niliongeza. Tanki lilikuwa limepungua sana, nikashangaa imekwenda wapi, na sakafuni hakuna hata tone."

Nikaweka beseni chini ya injini, nikafungua nati ya kumwagia oili iliyo chini ya kasha la kranki, yaani tumbo la injini. Oili ikatoka, ikaendelea kutoka, mpaka mzee akavuta kiti akakaa. Oili yake yote ya mwaka uliopita ilikuwa humo ndani. Hiyo aliyoongeza ilikuwa juu, inasubiri zamu yake.

Naomba nieleze kwa utaratibu, kwa sababu ukielewa jambo hili moja utaokoa pesa nyingi. Pikipiki nyingi tulizozizoea nyumbani zinahifadhi oili chini, ndani ya injini yenyewe. Harley WLA haiko hivyo. Oili yake inakaa kwenye tanki la peke yake, juu kuliko injini. Pampu moja huishusha kwenda kulainisha, nyingine huirudisha juu. Kati ya tanki na injini kuna kivalvu kidogo chenye gololi na springi, na kazi yake ni kuizuia oili isishuke injini ikiwa imezimwa. Gololi hiyo ina miaka themanini. Ikichakaa kidogo tu, au uchafu ukikaa pale inapoketi, oili hushuka taratibu usiku na mchana. Ukiwa unaendesha kila wiki hutaona chochote, maana pampu ya kurudisha inaifagia kila unapowasha. Lakini miezi minne ya kuegesha ni mingi. Tanki lote linahamia tumboni mwa injini, halafu mwezi wa tatu wewe unapiga kiki juu ya oili iliyojaa hadi kwenye kranki.

Kwa hiyo kabla ya kiki ya kwanza baada ya baridi, fungua nati ya chini umwage kilichomo. Usiongeze oili kwenye tanki kabla ya kufanya hivyo. Ukiongeza, injini ikishawaka pampu itarudisha yote juu, tanki litafurika na utadhani kuna kitu kingine kimepasuka. Kivalvu chenyewe tunaweza kukisafisha, kusugua pale gololi inapoketi na kubadilisha gololi na springi. Si kazi ya kutisha, wala haihitaji kufungua silinda.

Wengi wenu mlioandika wiki hizi mmeuliza pia juu ya mwaka wa pikipiki. Namba ya injini inaanza na 42WLA, na aliyekuuzia amekuambia ni ya 1942. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Baada ya shambulio la Pearl Harbor mwezi Desemba 1941, WLA zilizotoka kiwandani Milwaukee ziliendelea kupigwa namba za 42 hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Kwa hiyo hilo 42 halitoshi kukuambia mwaka. Tunaangalia vipande vyenyewe, namna vilivyobadilika mwaka hadi mwaka. Na usitafute namba kwenye fremu, kwani Harley za enzi hizo hazikuwa nayo. Hati ya umiliki inafuata namba ya injini. Ndiyo maana ukinunua, hakikisha namba ile haijachezewa kabla hujatoa hata dola moja.

Sasa betri. Pikipiki hii ina umeme wa volti 6, na moto wa plagi unatoka kwenye betri na koili. Haina magneto, kile kifaa kinachozalisha umeme wa plagi bila betri. Betri ikifa hakuna moto, hata upige kiki mpaka jioni. Kwenye baridi betri ya risasi na asidi hupoteza nguvu nyingi, na ikiwa imeishiwa chaji maji yake huganda upesi. Iliyojaa inastahimili hata nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha inaweza kuganda kwenye nyuzi 7 au 8 tu chini ya sifuri, na usiku wa Januari hapa kwetu tunapita hapo bila shida. Ikiganda, ganda lake hupasuka na asidi humwagikia fremu. Itoe, iweke ndani ya nyumba, uichaji kila mwezi kwa chaja ya volti 6. Nasisitiza 6. Tumepokea betri zilizochemshwa na chaja za gari za volti 12, na hizo hakuna la kufanya ila kununua nyingine.

Kuna desturi moja ambayo wateja wetu wazuri kabisa wanaifanya kwa mapenzi, nami naumia kuwaambia waiache. Kila Jumamosi wanaingia bandani, wanawasha pikipiki dakika tano, wanasikiliza ule mlio wake mzito, wanazima na kurudi ndani wakiwa wameridhika. Dakika tano hazitoshi kuipasha moto injini ya chuma kizito namna ile. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji. Injini ikiwa baridi, mvuke huo hugeuka maji kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili, na injini inazimwa kabla maji hayajapata joto la kuyafukuza. Fanya hivyo Jumamosi kumi na tano mfululizo na oili inakuwa kama chai ya maziwa. Afadhali uiache imelala na oili safi msimu mzima kuliko kuiamsha nusunusu.

Jambo la pili ni kubwa kuliko pikipiki. Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Kwenye banda lililofungwa kwa ajili ya baridi inaua mtu kabla hajajua anaumwa. Tafadhali, msiwashe injini yoyote mlango ukiwa umefungwa. Wala msiseme ni dakika moja tu.

Upande wa mafuta, petroli ya kawaida ya Marekani ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli inavuta maji kutoka hewani, na ikikaa miezi, maji hayo hutengana na petroli na kutulia chini ya tanki, pale pale kabureta inapovutia. Kwenye WLA kuna ubaya zaidi. Kabureta yake ya asili, Linkert M88, ina boya la koki, lile gome laini la mti la vizibo vya chupa, lililopakwa vanishi ya zamani. Ethanoli inakula vanishi, koki inanyonya mafuta, boya linazama, petroli inamwagika nje. Kuna vituo hapa Wisconsin vinavyouza petroli isiyo na ethanoli. Ndiyo tunayoitumia sisi. Wala usihangaike na petroli ya oktani kubwa, ile ya injini zenye mgandamizo mkubwa. Jeshi liliagiza injini hii iwe na mgandamizo mdogo, 5 kwa 1, ili ikubali petroli duni ya vitani. Inachohitaji ni mafuta yasiyo na maji. Ukipenda, tunakubadilishia boya na kuweka la plastiki ngumu, na lile la zamani tunakurudishia mkononi ulitunze.

Kwa wale wanaotaka kuendesha wakati wa baridi. Mpo, nawajua, na sitawakataza, kwa sababu pikipiki hizi zilishayaona. Desemba 1944 kwenye misitu ya Ardennes, Ubelgiji, vita vilipiganwa ndani ya theluji. Kampuni ya Harley-Davidson ilitengeneza WLA na ndugu yake wa Kanada, WLC, karibu 90,000 kwa jumla, na takriban 30,000 zilipelekwa Urusi ya Kisovieti kwa mkopo wa vita. Huko walizifunga vigari vya pembeni vya Kirusi, na zikatembea kwenye baridi ambayo hii yetu ya Milwaukee ni kivuli chake. Hata kabla ya hapo, tarehe 12 Novemba 1918, siku moja baada ya bunduki za Vita vya Kwanza vya Dunia kunyamaza, kijana wa hapa hapa Wisconsin, koplo Roy Holtz wa Chippewa Falls, alipigwa picha akiwa ndani ya Ujerumani juu ya Harley yenye kigari. Picha ile nimeibandika ukutani karakana, juu ya meza ya kabureta.

Ukiitazama WLA kwa makini utaona ilivyofikiriwa. Madigadi zake ziko wazi ubavuni ili matope na theluji visishindiliwe kati ya tairi na bati mpaka gurudumu likasimama. Baada ya vita ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na vijana wengi wakazikata madigadi zao kwa urembo. Ukiwa nazo za asili, usizikate. Chujio la hewa lina bakuli la oili la kunasa vumbi. Kuna kinga za miguu na kioo cha mbele vya kumkinga mpanda farasi huyu wa chuma na upepo, na katika miezi hii naona vina faida kuliko kitu chochote unachoweza kununua dukani. Ile taa ndogo iliyofunikwa, juu ya madigadi ya mbele, ilikuwa ya kwenda usiku bila kuonekana na ndege za adui. Iache mahali pake, lakini usiitegemee barabarani. Leo unataka kuonekana.

Halafu kuna namna ya kuiendesha, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi kwa mtu aliyejifunzia boda boda. Klachi iko mguu wa kushoto. Gia ni fimbo ubavuni mwa tanki, mkono wa kushoto. Breki ya mbele nayo iko mkono huo huo wa kushoto. Maana yake, mkono ukishuka kubadilisha gia, breki ya mbele haina mwenyewe. Mshikio wa kushoto ukiuzungusha, unasogeza mbele au kurudisha nyuma wakati wa plagi kupiga moto. Usiporudisha nyuma kabla ya kuwasha, kiki inaweza kukupiga mguu vibaya. Na gurudumu la nyuma halina springi kabisa, springi iko kwenye siti tu. Pikipiki ya karibu kilo 245 yenye breki za ngoma ndogo, juu ya barafu, haitaki pupa. Punguza mwendo mapema, ukiwa bado umenyooka, na gia uibadilishe kabla ya kona, kamwe si ndani yake. Kizuri ni kwamba klachi ya mguu hubaki pale ulipoiacha, kwa hiyo kwenye taa nyekundu unaweza kutua miguu yote miwili chini.

Oili ya baridi iwe nyepesi. Ile nzito ya namba 50 au 60 ya kiangazi inakuwa kama asali ya asubuhi, na pampu haiwezi kuivuta. Sisi tunaweka namba 30 kuanzia mwezi wa kumi na moja. Na chumvi ya barabarani ioshe siku hiyo hiyo kwa maji ya uvuguvugu yasiyo na presha, hasa spoki na mnyororo, kisha mnyororo uupake mafuta ukiwa mkavu.

Wenye Indian 741, pikipiki nyingine ya vita vile, pia mnakaribishwa. Ile ya cc 500 iliyotoka Springfield, Massachusetts, nyingi zikapewa majeshi ya Uingereza na washirika wake. Ni polepole kuliko WLA na watu huidharau kwa hilo. Mimi naipenda. Oili yake nayo haikai ndani ya injini, kwa hiyo yote niliyosema juu ya kuegesha iko ndani yake pia.

Kazi yetu ya kabla ya baridi inachukua siku moja. Tunamwaga oili ya zamani injini ikiwa ya moto ili uchafu utoke nayo, tunaweka mpya, tunasafisha kivalvu cha gololi, tunakausha bakuli la kabureta, tunatoa betri na kukukabidhi na maandishi ya kuichaji. Tanki la petroli tunalijaza mpaka juu, kwani tanki nusu ni nafasi ya hewa yenye unyevu kutia kutu. Asiye na banda kavu, tuna nafasi za kulaza pikipiki chache hapa ndani, na mwezi wa tatu tunaimwaga tumbo na kuiwasha mbele yako.

Tunapokea kuanzia wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi. Njoo na hati yenye namba ya injini, na kama ulishaongeza oili wakati wowote mwaka huu, tuambie ulipoongeza na kiasi gani. Mzee wa Kigoma ameshaweka nafasi yake.