Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, kina mama na wanachama wenzangu, asalaam aleikum na hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua: kupima presha Likoni na Kisauni, kuwajulia hali wagonjwa, mihadhara mitatu. Tulikuwa na shilingi 312,000, zimetumika 148,500, zimebaki 163,500. Mashine mbili za presha niliziomba mimi mwenyewe kwa wafadhili, kwa miguu yangu.

Sasa zile shilingi 120,000 za kuilipa kliniki ya sindano za magoti, nilizokataa kutilia saini. Barazani yamesemwa mengi, eti nawanyima tiba wenye magoti. Kliniki ile iliahidi sindano ya seli shina, yaani seli changa ziwezazo kugeuka seli za aina nyingine, ya kuotesha kwa mwezi mmoja gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Niliomba karatasi za utafiti mara tatu, nikaletewa picha za watu wanaotembea! Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likiumia haliponi kama ngozi. Madaktari wa Gothenburg, Uswidi, walitangaza mwaka 1994 njia ya kuchukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, kuzikuza maabarani kwa wiki kadhaa, kisha kuzirudisha gotini kwa upasuaji. Nayo hufaa shimo la jeraha, si goti la mzee lililosagika lote.

Sisi wenye maradhi ya moyo tumeshaonja matumaini kama hayo. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliuzuilia moyo wa mbwa damu dakika tano tano, mara nne, kuuzoesha kwanza, kabla ya kuuziba dakika 40. Sehemu ya moyo iliyokufa ikapungua mno. Ikatumainiwa kuwa hata kuuzuilia mkono damu vivyo hivyo, kwa kukaza na kulegeza mpira wa presha, kungemkinga mwenye mshtuko wa moyo. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya wagonjwa zaidi ya 5,000 wa Ulaya: vifo vya moyo havikupungua, wala kulazwa kwa moyo kushindwa kazi. Jambo lililochunguzwa miaka thelathini limekwama kwa binadamu, mimi nitie saini kwa picha? Nimeumia zaidi kwamba wajumbe walioniunga mkono kamatini walinyamaza nje.

Mahudhurio yanasikitisha. Tuko 84, mkutano wa Agosti tulikuja 17. Hamsini na mmoja hawajalipa ada ya shilingi 100 kwa mwezi tangu Januari, na waliopiga kelele juu ya 120,000 wengi wamo humo.

Mwakani, inshallah, tutamtafuta daktari wa mifupa aje kutuzungumzia, na Mungu akijalia tupate chumba chetu. Daftari la ada liko kwa katibu, hapo mlangoni.