Visa ya Schengen Haikufikishi Dublin

Mama mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na bahasha ya karatasi zilizopangwa vizuri: tiketi ya kwenda Paris, tiketi ya pili ya kutoka Paris kwenda Dublin ambako binti yake anasoma, tiketi ya tatu ya kurudi Paris ili apande ndege ya nyumbani, na pasipoti yenye visa ya Schengen. Alitaka tumtafutie hoteli ya Dublin tu, basi. Tulipoifungua pasipoti tuliona kwamba, kwenye sehemu ya visa inayotaja idadi ya kuingia, pameandikwa 01, yaani mara moja tu, na visa ya Ireland haikuwamo kabisa. Tiketi zote tatu zilikuwa zimekwisha kulipiwa, na hakuna hata moja iliyoruhusu kurudishiwa fedha.

Hatumlaumu, kwa sababu jambo lenyewe linachanganya kweli. Ireland ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu 1973 na fedha yake ni yuro, kama ilivyo Ufaransa. Hata hivyo, Umoja wa Ulaya ni jambo moja na Schengen ni jambo jingine. Schengen ni eneo la nchi 29 zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka iliyo baina yao, na nne kati ya hizo, yaani Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein, hazimo katika Umoja wa Ulaya. Ireland imo katika Umoja lakini iko nje ya eneo hilo, kwa hiyo hutoa visa yake yenyewe, na ofisa wa uhamiaji wa Dublin hana wajibu wowote wa kuitambua visa iliyotolewa na ubalozi wa Ufaransa au wa Ujerumani.

Wateja wengi hudhani kwamba Ireland ilikataliwa kuingia Schengen. Hilo liliwahi kuzikuta Romania na Bulgaria, ambazo ziliingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007 lakini zikasubirishwa hadi tarehe 1 Januari 2025 ndipo ukaguzi kwenye mipaka yao ya nchi kavu ukaondolewa. Ireland ilijiweka kando yenyewe, na sababu yake inastahili kueleweka. Tangu miaka ya 1920 nchi hiyo ina makubaliano na Uingereza yanayowawezesha raia wa pande hizo mbili kwenda na kurudi kwa uhuru. Uingereza haikutaka kuingia Schengen, na iwapo Ireland ingeingia peke yake, mpaka wake na Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, wenye urefu wa takriban kilomita 500, ungekuwa mpaka wa nje wa Schengen, ambao kisheria lazima ulindwe na kukaguliwa. Kwa watu wa huko hilo si jambo dogo, kwani mpaka huo ulikuwa na vizuizi vya wanajeshi wakati wa machafuko yaliyodumu miaka mingi kabla ya mkataba wa amani uitwao Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998. Ndiyo maana Mkataba wa Amsterdam wa 1997, ambao ni mkataba wa Umoja wa Ulaya, uliziruhusu nchi hizo mbili kubaki nje, na hata baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, Ireland haikubadili msimamo wake.

Kwa msafiri mwenye pasipoti ya Kenya au ya Tanzania, matokeo yake ni kwamba safari ya Paris na Dublin huhitaji visa mbili, zinazoombwa kwa taratibu mbili tofauti. Ombi la Schengen huweza kupelekwa miezi sita kabla ya safari, ilhali la Ireland hupokelewa ndani ya miezi mitatu tu, kwa hiyo ni lazima tarehe zipangwe mapema ili ombi moja lisilikwamishe jingine. Tena, ukitoka Paris kwenda Dublin umekwisha kutoka Schengen, na kama visa yako ni ya kuingia mara moja, imeishia hapo hata kama siku zake hazijakwisha. Siku utakazokaa Ireland, kwa upande mwingine, hazihesabiwi katika zile 90 unazoruhusiwa kukaa Schengen ndani ya siku 180.

Hatari inayotutia wasiwasi zaidi iko kwenye treni ya kutoka Dublin kwenda Belfast. Unapanda, unakaa dirishani, na baada ya saa mbili hivi unashuka mjini Belfast bila kupita kwenye kaunta yoyote ya uhamiaji. Lakini Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini, ni Uingereza, nawe ukiwa huna visa ya Uingereza umeingia nchini humo kinyume cha sheria, hata kama hakuna aliyekuzuia. Na ili urudi Dublin kihalali unahitaji visa ya Ireland ya kuingia zaidi ya mara moja. Tafadhali, usiende kwa sababu tu mwenyeji wako amekwambia kwamba huko hakuna anayeuliza. Kosa la namna hiyo likijulikana, linaweza kukuharibia maombi yako ya visa kwa miaka ijayo.

Kwa hiyo tunawaomba wateja wetu watuletee pasipoti na mpango mzima wa safari kabla ya kulipia tiketi yoyote, hata ile inayoonekana ya bei nafuu sana. Kuupitia mpango huo hatutozi chochote. Yule mama tulimsaidia kuomba visa ya Ireland, na ilipotoka tukamkatia tiketi inayopitia Doha hadi Dublin, bila kukanyaga Schengen. Alikaa na binti yake wiki tatu. Paris hakuiona, na fedha za tiketi zile tatu hazikurudi.