Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mkataba wa Kodi wa Umoja wa Mataifa: Nasi tujibiwe

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwa heshima zote, nakuandikia nikiwa na uchungu. Mimi ni mkaguzi wa kodi katika nchi ndogo, huu ni mwaka wangu wa 22 kazini, na nimebakiza miezi minne nistaafu. Nchi yangu siitaji, kwa sababu haya yamewakuta wenzangu wa nchi nyingi, na kwa sababu sheria ya usiri wa mlipakodi hainiruhusu kutaja mtu wala kampuni. Wiki mbili zilizopita nilipokea barua niliyoisubiri miaka miwili na miezi saba. Ilikuwa na sentensi tano.

Nikueleze ilivyoanza. Mezani kwangu lilikuja jalada la kampuni ya usafirishaji ambayo mauzo yake yalipanda kila mwaka, lakini faida ilibaki palepale. Nikatafuta sababu, nikaikuta kwenye ankara ya ukurasa mmoja. Imeandikwa "huduma za ushauri wa usimamizi", basi. Nani alishauri, alishauri nini, siku gani, hakuna. Kiasi kilichotozwa kilikaribia faida ya mwaka mzima, na aliyelipwa ni kampuni nyingine iliyosajiliwa katika nchi kubwa na tajiri, nchi ambayo hakuna anayeiita maficho ya kodi. Nilitaka kujua jambo moja tu: mmiliki manufaa wa kampuni hiyo, yaani mtu halisi anayefaidi fedha zake, ni nani? Kama ni yuleyule mwenye hii ya kwetu, basi alijilipa mwenyewe, na kodi yetu akaondoka nayo.

Nikapeleka ombi la taarifa kwa nchi hiyo kubwa, kwa kufuata mkataba wa kubadilishana taarifa za kodi. Kimya. Nikaandika barua ya kukumbushia, nikaandika ya pili, nikaandika ya tatu. Kitengo chetu cha kubadilishana taarifa kina watu watatu, Mheshimiwa, na mmoja wao ndiye pia mtunza masijala. Watu haohao, katika kipindi hichohicho, walipokea maombi 41 kutoka nje na kuyajibu yote ndani ya siku 90, kwa sababu tunajua wakija watu wa nje kutupima, siku zitahesabiwa. Tulikesha. Tulikuja ofisini siku za mapumziko. Mwenzangu mmoja aliacha kazi akisema amechoka kuwa karani wa nchi za watu, nami sikuwa na la kumjibu.

Sasa jibu limekuja: kampuni ilikwisha kufutwa kwenye daftari la usajili, na taarifa za mmiliki wake hazikuwahi kuchukuliwa. Kwetu nako muda wa kisheria wa kukadiria kodi anayodaiwa umepita. Jalada limerudi masijala likiwa na muhuri mwekundu, LIMEFUNGWA. Muhuri ule nimeugonga kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikuandikii kuwatetea wanaoficha fedha. Visiwa vya Cayman vilianza kujenga biashara hii kwa sheria ya mwaka 1966, na nyaraka za Panama, yaani siri za kampuni ya uwakili iliyosajilia watu kampuni za nje, zilipofichuka mwaka 2016, zaidi ya nusu ya kampuni zilizoonekana mle zilikuwa zimesajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Fedha zinazofichwa hivyo ni kodi ya watu fulani, na mara nyingi ni watu maskini kuliko wenye visiwa. Nchi ndogo iliyouza siri imekosa, na iambiwe hivyo. (Ila visiwa hivyo viwili vyote viko chini ya bendera ya Uingereza, na hilo nalo lisemwe kwa sauti ileile.)

Kinachoniuma ni namna hesabu inavyofanywa kwa mizani mbili. Mwaka 1998 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, lilitoa ripoti yake kuhusu ushindani wa kodi wenye madhara. Uswisi na Luxembourg, wanachama wake, zilikataa kuiunga mkono. Miaka miwili baadaye ikatoka orodha ya maficho 35 ya kodi, karibu yote maeneo madogo, mengi yakiwa visiwa, na Uswisi na Luxembourg hazikuwamo. Desemba 2017 Umoja wa Ulaya nao ukatoa orodha yake ya maeneo 17. Barbados ilikuwamo, na Grenada, na Samoa, na Palau. Nchi wanachama wa Umoja wenyewe hazikupimwa kabisa.

Aprili 2009, London, viongozi wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, walitangaza kwamba enzi ya siri za kibenki imekwisha. Nilikuwa bado kijana kazini, nikaamini. Tukatunga sheria mpya, tukafundisha watu, tukanunua kompyuta kwa fedha ambazo idara nyingine zilikuwa zinazihitaji. Mwaka 2017 mabadilishano ya moja kwa moja ya taarifa za akaunti za benki kati ya nchi na nchi yakaanza. Marekani haikujiunga nayo mpaka leo, ingawa kwa sheria yake ya mwaka 2010 inazitaka benki za dunia nzima ziitaarifu kuhusu akaunti za raia wake. Machi 2025 ikaziondolea kampuni za ndani ya nchi yake wajibu wa kuitajia serikali wamiliki wao. Na Juni mwaka huohuo nchi saba tajiri za G7 zikakubaliana kwamba makampuni makubwa ya Marekani yasiguswe na kanuni kuu za kodi ya kima cha chini cha asilimia 15 kwa makampuni makubwa ya dunia, ambayo ilikubaliwa Oktoba 2021. Barbados ilikuwa imekwisha kubadili sheria zake. Bermuda, ambayo haikuwa na kodi ya mapato ya makampuni, ilikuwa imekwisha kuanzisha ya asilimia 15 kwa makundi makubwa ya makampuni ya kimataifa. Wadogo walitii kwanza.

Nasi tuliingizwa kwenye orodha ya namna hiyo. Muda mfupi baadaye benki ya nje iliyokuwa ikipitisha malipo ya benki yetu ilivunja uhusiano. Hawakueleza sababu. Mimi naamini ni ile orodha, kwani sioni kingine kilichobadilika. Binti yangu alikuwa anasoma nje, na ada yake ya muhula ilizunguka wiki saba ikarudishwa, ikazunguka tena ikarudishwa tena. Muhula ule aliukosa. Mimi, ninayeamka kila siku kwenda kukusanya kodi kihalali, fedha yangu ilishukiwa. Yule mwenye ankara ya ukurasa mmoja, malipo yake yalipita bila kuulizwa.

Mheshimiwa, ndiyo maana nilifurahi Novemba 2023, nchi 125 zilipopiga kura ya ndiyo katika Umoja wa Mataifa na 48 zikakataa, ili mkataba wa kodi ujadiliwe mahali ambapo nchi yangu ina kiti na kura sawa na nchi yoyote. Hadidu za rejea za kamati yako zinataja kusaidiana kiutawala katika masuala ya kodi. Nakukumbusha maneno hayo kwa sababu ahadi za aina hii nimezisoma nyingi. Najua Marekani ilitoka kwenye mazungumzo Februari 2025. Najua mmepewa mpaka mwaka 2027, na mwisho ukikaribia vifungu vigumu ndivyo hulainishwa ili kila mtu akubali. Sina cheo cha kukufundisha kazi.

Ninaomba vifungu viwili. Anayedai taarifa awe na wajibu wa kutoa taarifa, kwa muda uleule anaowadai wengine. Kampuni isifutwe kwenye daftari la nchi yoyote wakati kuna ombi la nchi nyingine linalosubiri jibu juu yake. Hata hicho cha pili mkikishindwa, basi kile cha kwanza. Kisiandikwe "kadiri inavyowezekana". Nchi kubwa itasema ina maombi mengi; sisi tuna watu watatu, na tumejibu 41.

Nikistaafu, kiti changu atakikalia kijana niliyemfundisha mwenyewe. Tayari ana ombi moja lililotoka mwezi wa pili. Nakuomba, Mheshimiwa, yeye ajibiwe. Andikeni siku 90, kwa wote.

Wako mtiifu,
Mkaguzi wa kodi, nchi ndogo