Shukrani kwa fundi wa Darajani, Zanzibar

Kaka fundi, uliondoka bila kutuachia jina, basi shukrani zikufikie hapa. Mwanasesere wetu wa mita 3, yule wa kutembezwa mitaani, alikuwa akiinama kila upepo wa Forodhani ulipompiga, maana uzito wote ulikuwa kichwani. Kichwa ukakiunda upya: tabaka 3 za magazeti badala ya 6, kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa ikawa kama uji mzito. Kila tabaka ukalianika kwanza, kwa sababu likifunikwa bichi huota ukungu ndani. Viungo vya mianzi ukavikaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kamba hulegea ikitikiswa, mpira hunyumbuka na kuendelea kubana. Nguo ukaitoboa mgongoni, upepo upite. Alipita Mji Mkongwe wima, watoto wakimshika mkono. Mungu akuzidishie.