Barua kwa vijana wetu wa sayansi ya michezo: mpimeni na makanga pia

Wanangu mnaosomea michezo na mazoezi pale Kenyatta, Moi na vyuo vingine, hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa P.E. (mazoezi ya viungo shuleni), kazi yangu yote niliifanya huku Uasin Gishu, kwa hivyo mnivumilie nikiongea kirefu kidogo.

Kila mwanafunzi anayekuja kuniomba nimtafutie watu wa kupima anataka wakimbiaji. Naelewa sana. Mtafiti mmoja anaitwa Saltin alikuja kutoka Skandinavia miaka ya 90 akapima wakimbiaji wetu vijana, akakuta uwezo wao wa kutumia oksijeni haujapita sana ule wa wakimbiaji wazuri wa kwao, ila wetu wanatumia nguvu kidogo kwa spidi ile ile, na mguu chini ya goti ni mwembamba na mwepesi. Halafu mtafiti wetu Onywera, Mike Boit (huyo wa shaba ya mita 800 Munich 1972, akarudi akawa profesa) na wenzao wa Glasgow wakachapisha 2006 habari za wakimbiaji 404, wametoka wapi, shule walikuwa wanaenda kwa miguu ama kwa mbio, wanakimbilia nini. Kazi safi kabisa, na isiishe. Lakini hao mabingwa ni wachache, na huku mtaani watu wanaanguka na presha. Ule uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu na zaidi ya nusu hawajawahi pimwa hata siku moja. Hao nani atawafuata?

Nataka mkasome kazi ya Jerry Morris wa London, msome polepole. Huyu daktari hakutafuta mabingwa, alienda kwa mabasi ya ghorofa. Dereva anakaa zamu yote, kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa nzima, kampuni moja, mishahara haiachani sana. 1953 akachapisha kwamba makondakta wanapata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na wakiupata hauwaui haraka vile. Huo ndio mmoja wa misingi ya somo lenu lote hili la mazoezi na afya. Na kitu ninachompendea zaidi ni kwamba hakukaa akijisifu, alirudi akaangalia saizi za suruali za uniform, akaona madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi ya makondakta, kumaanisha pengine walikuwa watu tofauti tangu mwanzo na si ngazi peke yake, na hiyo pia akaichapisha mwenyewe 1956. Mtafiti wa hivyo ndiye wa kuaminiwa.

Sasa sisi tuna stage za matatu kila mji. Dereva ameketi kutoka alfajiri, makanga, yaani kondakta wetu, anaruka, anasimama, anapakia mizigo. Nendeni hapo! Lakini mwende na akili ya Morris, muulize makanga ana miaka mingapi, analala saa ngapi, anakula nini, anatafuna miraa ama hapana, na alikuwa mzito aje kabla aanze kazi, kwa sababu mara nyingi makanga ni kijana na dereva ni mzee, ukisahau hilo utaandika uongo bila kujua.

Na mama wa kijijini akibeba jerikani ya lita 20 kupanda mlima, kile kidude cha kuhesabu mwendo mnachomfunga kiunoni kinahesabu hatua zake karibu sawa na za mtu asiyebeba kitu. Hakioni uzito. Kwa hivyo mfuate, umuulize, uandike alichobeba na mlima ukoje. Tena msipime wakati wa kulima peke yake mkasema hivyo ndivyo watu wanaishi mwaka mzima, rudini kiangazi muone.

Mjichunge pia na haya maneno ya "Waafrika wako hivi". 2010 mtafiti Lieberman wa Harvard alichapisha kwamba wale Wakenya waliozoea kukimbia bila viatu mara nyingi wanatua na mbele ya mguu, dunia nzima ikashangilia, viatu vyepesi vya kuiga peku vikauzwa. 2013 wengine wakapima Wadaasanach huko kaskazini, nao pia hutembea peku, wakakuta wakikimbia kwa spidi yao ya kawaida wengi wanatua na kisigino. Kenya hii hii moja.

La mwisho linaniuma. Kuna watu walikuja kwetu wakatoa damu, wakapima urefu na uzito, wakaahidi kurudi, hadi leo hakuna mtu ameona hata karatasi. Wazee wakikataa wageni wengine sasa siwalaumu. Nyinyi kabla hamjaanza kupima pangeni kabisa siku ya kurudisha majibu, muombe chifu nafasi kwa baraza, mwongee Kiswahili ama lugha ya hapo, na mwenye presha ya juu aambiwe siku ile ile aende kliniki, msingoje hadi thesis iishe. Pesa za hiyo safari ya kurudi ziwe kwa bajeti tangu siku ya kwanza, na supervisor akizikata mwambieni hamuendi. Mkitaka kuanzia stage ya Eldoret, njooni mapema asubuhi kabla foleni ijae, nitawapeleka kwa mwenyekiti mwenyewe.