Zege la maji ya bahari: makala yenu imeacha nondo nje

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya kwa miaka mingi, lakini ile makala ya kusifia zege la maji ya bahari na mchanga wa ufukweni imenishinda kunyamazia. Imetueleza habari za Warumi, imetueleza uhaba wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ikafika hadi kwenye majivu ya volkano ya huku kwetu Kilimanjaro. Haikusema popote kwamba zege hilo likiwekewa nondo za kawaida za chuma, nondo zitaliwa na kutu. Wakazi wa Moshi na Arusha wenye viwanja Pangani na Bagamoyo hawaendi kujenga gati za Warumi. Wanajenga nguzo, biimu na slabu.

Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na gramu 19 kati ya hizo ni kloridi, ambayo ndiyo inayokula chuma. Mfuko wa saruji wa kilo 50, kwa uwiano wa maji wa 0.5, yaani maji nusu ya uzito wa saruji, unachukua lita 25. Kwa hiyo kila mfuko umetiwa gramu 875 za chumvi, na humo gramu 475 ni kloridi, sawa na asilimia 0.95 ya uzito wa saruji. Viwango vya Ulaya kwa zege lenye nondo huishia asilimia 0.4. Tumeshapita mara mbili na ushee kabla hatujagusa mchanga! Haya, tuseme mtu kaleta maji ya bomba, kachota mchanga tu ufukweni. Mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unataka kilo mia moja hivi za mchanga kwa mfuko. Ukiwa na unyevu wa bahari wa asilimia 5, umebeba lita 5, yaani gramu 95 za kloridi, karibu nusu ya kikomo chote. Na ule mchanga mkavu wa juu, ambao mafundi wengi hudhani ndio salama, unaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu maji huurukia, yanakauka, chumvi inabaki, na kesho tena vivyo hivyo.

Ndani ya zege zuri chuma hakishiki kutu kwa sababu saruji huleta ualkali mkali, pH ya 12 hadi 13, unaokivika ngozi nyembamba ya kukilinda. Kloridi huitoboa ngozi hiyo. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, ikasukuma zege kutoka ndani: unaanza ufa mwembamba unaofuata nondo, unafuata mchirizi wa kahawia, mwisho kava, yaani zege linalofunika nondo, linabanduka. Kinachoudhi ni kwamba mwanzoni kazi inapendeza. Chumvi huharakisha kuganda, na ukivunja mchemraba wa majaribio wa siku 7 unapata nguvu ya kutosha kabisa. Mkandarasi analipwa, anaondoka.

Mwaka jana nililetewa kipande cha nguzo kutoka nyumba moja ya ufukweni, mwenyewe ni mkazi wa hapa Moshi. Zege lilikuwa gumu, lakini ringi, kile chuma kinachozungushwa kufunga nondo, ya milimita 8 ilibaki nyembamba kama msumari, magamba ya kutu yanatoka kwa ukucha, na vipande vya makombe vinaonekana kwenye mkato. Nilipopulizia nitrati ya fedha, dawa inayogeuka nyeupe palipo na kloridi, mkato wote uligeuka mweupe hadi katikati. Chumvi ingekuwa imepenya kutoka nje tu, weupe ungekolea kandokando na kupungua kuelekea ndani. Hii ilichanganywa humo tangu siku ya kwanza, na hakuna plasta wala rangi ya kuitoa.

Warumi walitumia chokaa na majivu ya volkano, na hawakuweka nondo. Pozolana yetu ya Holili, yaani hayo majivu ya volkano, ni nzuri kweli, hulifanya zege lishikamane na kuchelewesha chumvi ya nje, lakini haifuti chumvi uliyoimimina mwenyewe. Wala msikimbilie saruji ya kuhimili salfeti, ambayo ni chumvi ya aina nyingine: hiyo hunasa kloridi kidogo kuliko saruji ya kawaida, hivyo nyingi zaidi hubaki huru kufikia chuma. Anayetaka maji ya bahari ajenge vitalu vya kuvunja mawimbi visivyo na chuma, au anunue nondo za nyuzi za kioo. Nazo hazikunjwi saiti, hutoka kiwandani zikiwa zimeshakunjwa, na zinanyumbuka kama mara nne zaidi ya chuma, hivyo mhandisi lazima apige hesabu upya.

Na kwa kuwa nimeshaanza, huku kwetu nako mambo si mazuri. Fuso inamwaga mchanga umejaa udongo, mwenye saiti anaambiwa "huu wa mtoni", anakubali. Jaza mchanga nusu chupa, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, iache saa tatu. Tope likikaa juu kwa zaidi ya asilimia 8 ya kimo cha mchanga, rudisha gari. Chumvi ya kijiko hicho iishie kwenye chupa.

Naomba mchapishe marekebisho kwenye ukurasa uleule, kwa herufi zilezile kubwa, na maneno yawe haya: "Maji ya bahari na mchanga wa bahari usiooshwa visitumike kwenye zege lenye nondo za chuma." Chini yake wekeni vipimo vya kujengea pwani: maji ya kuchanganyia yasizidi miligramu 1,000 za kloridi kwa lita, maji yasizidi lita 22 kwa mfuko, kava milimita 50, likishikiliwa na vijiwe vya zege na si vipande vya mbao, kumwagilia kwa maji baridi siku 7, au siku 14 kwa saruji ya pozolana. Mchanga wa bahari uliooshwa upelekwe maabara kwanza, na majibu yasomwe kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa.

Fundi sanifu wa majengo,
Moshi