Mchoro wenu ndio uliokosea, si mikono yangu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: SETI YA PIKAPU MBILI ILIYOLETWA NA MCHORO USIO WAKE

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu seti ya kuboresha gitaa la umeme: hambaka mbili (pikapu zenye koili mbili za waya kila moja), potenshiometa nne, vile vifaa vya kuzungushwa kwa kifundo (mbili za sauti zenye swichi ya kuvuta juu, mbili za toni), kapasita mbili, swichi ya njia tatu, nyaya, na karatasi moja ya mchoro. Tangu hapo nimewaandikia barua pepe mara tatu. Majibu yote matatu yalikuwa wimbo mmoja: nimeunguza vifaa kwa pasi ya kulehemu, kwa hiyo dhamana imekufa. Ndiyo maana sasa naleta barua ya karatasi, nikiomba isomwe na mtu anayejua pikapu ni nini. Nasema pikapu ya gitaa, kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza umeme, si gari. Aliyenijibu mara ya kwanza aliniuliza namba ya chesisi.

Nianze na hiyo pasi, maana ndiyo mshtakiwa wenu mkuu. Ni ya wati 60. Nilichagua hiyo kwa makusudi, kwa sababu mgongo wa potenshiometa ni bati nene linalonyonya joto. Ukitumia pasi dhaifu unalazimika kuikandamiza pale muda mrefu, na hapo ndipo kifaa kinapoungua kwa ndani. Pasi yenye nguvu inagusa, lehemu inayeyuka, unaondoka. Kabla sijakata waya hata mmoja nilipiga picha za mfumo wa zamani, nikakwangua migongo ya potenshiometa kwa msasa ili lehemu ishike, kisha nikafuata mchoro wenu mstari kwa mstari. Mweusi kwenye potenshiometa ya sauti. Mweupe na mwekundu pamoja hadi kwenye swichi ya kuvuta. Kijani na ule usio na ganda kwenye ethi. Wala sikujitia ujuaji wa kubadilisha kitu, na leo najuta.

Nilipochomeka waya kwenye amplifaya, gitaa lilitoa sauti nyembamba, ya puani, kama redio ndogo iliyofungiwa kabatini. Besi hakuna. Ukigonga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu zote inatoka kama mtu anakohoa kwa adabu. Na juu ya hapo kulikuwa na mvumo wa umeme ambao sikuwahi kuusikia hata kwenye pikapu zangu za zamani za koili moja. Mhandisi Seth Lover alipobuni hambaka pale kampuni ya magitaa ya Gibson katikati ya miaka ya 1950, shabaha yake ilikuwa kuua mvumo huohuo. Ninyi mmefaulu kuufufua, tena kwenye pikapu zote mbili.

Nilifanya lile ambalo kila mtu angefanya: nikadhani kosa ni langu. Nikapima pikapu ya nyuma kwa mita, kutoka waya mweusi hadi wa kijani, ikasoma ukinzani wa kiloomu 8.1. Ya shingoni kiloomu 7.6. Namba nzuri kabisa kwa hambaka za aina hii, na ndizo zilizonipotezea jioni tatu. Mita ikipima ukinzani haijui mkondo unapita upande gani. Koili mbili zilizounganishwa kwa mfululizo husoma jumla ileile hata kama moja imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Basi nikalehemu upya tundu la kuchomekea, nikabadilisha waya wa amplifaya, nikaifungua swichi ya njia tatu na kuisafisha ingawa ilikuwa mpya. Sauti haikubadilika hata kidogo.

Siri ilivuja kwa bahati. Nilivuta juu kifundo cha sauti, ambacho kazi yake ni kuzima koili moja ili hambaka igeuke kuwa koili moja. Kwa kawaida ukifanya hivyo sauti inapungua mwili na kuwa nyepesi. Yangu ilinenepa. Besi zikarudi, nguvu ikarudi. Nusu ya pikapu ilikuwa inapiga vizuri kuliko pikapu nzima! Yeyote aliyewahi kufungua gitaa angejua palepale kinachoendelea, na mimi nilipaswa kujua mapema zaidi. Koili zote mbili zilikuwa nzima, ila zilikuwa zinapigana.

Nikafungua muunganiko na kupima waya mmoja mmoja. Kwa mchoro wenu, koili ya kwanza ni waya mweusi na mweupe, na ya pili ni mwekundu na wa kijani. Kwa pikapu mlizoniletea, mweusi umeoana na mwekundu, kiloomu 4 na kitu, na mweupe umeoana na kijani. Kati ya mweusi na mweupe mita haikusoma chochote, maana hao hawajuani. Katika pikapu zote mbili ni hivyohivyo.

Naomba hapa msome taratibu, kwa sababu ndilo jambo ambalo watu wenu mara tatu hawakulijibu. Rangi za nyaya nne za hambaka hazina kanuni moja kwa watengenezaji wote. Seymour Duncan hupeleka mweusi kwenye sauti, huunganisha mweupe na mwekundu, na kijani hukaa ethi. DiMarzio hupeleka mwekundu kwenye sauti, huunganisha mweusi na mweupe, na kijani hukaa ethi vilevile. Kila mmoja yuko sahihi kwa pikapu zake. Pikapu zenu zimefuata mpango huu wa pili, lakini mchoro mliotia ndani ya boksi ni wa mpango wa kwanza. Ukiufuata, mkondo unaipita koili moja kwa mbele na nyingine kinyumenyume. Sauti ya nyuzi, ambayo ilipaswa kujumlishwa, inajifuta yenyewe na kubaki ukelele wa juu. Mvumo, ambao ulipaswa kujifuta, ndio unaojumlishwa. Na kwa kuwa kijani kinabaki ethi katika mipango yote miwili, hakuna kinachopiga shoti wala kukaa kimya. Gitaa linalia, ila linalia vibaya, na mnunuzi anajilaumu mwenyewe au anawalaumu watengenezaji wa pikapu.

Nilipohamisha nyaya (mwekundu kwenye sauti, mweusi na mweupe pamoja) mvumo ulikufa papo hapo. Ilichukua dakika kama ishirini hivi, baada ya jioni tatu.

Ningeishia hapo na kuwaandikia kwa upole tu, kama si potenshiometa. Baada ya marekebisho sauti ilikuwa nene lakini imefunikwa blanketi. Katika hili nakiri uzembe wangu: sikuzipima kabla ya kuzifunga, na ukizipima zikiwa zimeshaunganishwa namba zinadanganya, kwa hiyo ilibidi nizing'oe tena. Zile mbili za toni zilisoma kiloomu 486 na 512. Sawa kabisa, kwani zinaruhusiwa kupishana na namba iliyoandikwa kwa asilimia kadhaa. Zile za sauti, zenye swichi ya kuvuta, zilisoma 247 na 239. Mfuko wake umeandikwa A500K, yaani kiloomu 500. Ukizigeuza na kutazama bati lake, pamegongwa B250K.

Hii si tofauti ndogo. Potenshiometa ya sauti ni mzigo unaoning'inia kwenye pikapu muda wote, hata ukiifungulia hadi mwisho, na kadiri ukinzani wake unavyopungua ndivyo sauti za juu zinavyomwagika kwenda ethi. Ndiyo maana kwa desturi 250 hufungwa kwenye koili moja, ambazo zina ukali wa kutosha wa kupunguzwa, na 500 kwenye hambaka. Na hiyo B maana yake ni kwamba ukinzani unapanda sawasawa mwanzo hadi mwisho, wakati sikio la binadamu halisikii hivyo. Matokeo yake ni kifundo ambacho unakigeuza kutoka 10 hadi 4 bila kuona tofauti ya maana, kisha kipande kilichobaki sauti inadondoka kama imekatwa kwa panga.

Jibu lenu la tatu lilisema joto la pasi ndilo lililoshusha ukinzani. Ndugu Meneja, potenshiometa iliyoungua hukwaruza, au hukata kabisa. Haishuki hadi nusu kamili na kutulia pale, tena mbili kwa pamoja. Na hata kama ingekuwa hivyo, pasi ya kulehemu haigongi maandishi kwenye bati.

Kuna madogo mengine ambayo sitayapigia kelele. Mchoro hauonyeshi waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja la nyuzi. Mimi niliuacha wa zamani mahali pake, lakini anayeanza ataukata na kushangaa kwa nini gitaa linavuma. Pia mashina ya potenshiometa ni manene kuliko matundu ya magitaa mengi ya bei nafuu, ambayo ndiyo hasa watu hununua seti hizi kuyaboresha, na boksi halitaji vipimo vyake popote. Andikeni tu milimita ngapi, watu wataamua wenyewe.

Sidai kurudishiwa fedha, na pikapu sizirudishi. Zikiunganishwa inavyotakiwa ni nzuri, hasa ya shingoni. Aliyezisuka anajua kazi yake, na nadhani angeumia kusikia zinavyolia kwa mchoro huu. Ninachotaka ni potenshiometa mbili za A500K zenye swichi ya kuvuta, kama mfuko ulivyoahidi, na barua inayofuta maneno kwamba niliharibu vifaa, ili dhamana yangu ibaki hai. Halafu wekeni mchoro sahihi kwenye maboksi ambayo bado yako ghalani, na mwatumie walionunua seti hii kabla yangu. Hili la mwisho halinifaidii chochote, ila ndilo ninalolisisitiza zaidi. Mimi nina mita na nina ukaidi. Kuna mtu mahali fulani amefunga seti hii wiki iliyopita, amesikia ile sauti ya kabatini, na sasa anaamini hana mikono ya kazi hii.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nimeambatisha picha sita: bati la B250K likiwa kando ya mfuko wa A500K, mchoro wenu, na vipimo vya nyaya zote nne kwa kila pikapu. Potenshiometa zenyewe nimezifuta lehemu na kuzirudisha kwenye mfuko wake; nipeni anwani ya kuzituma. Kwa sasa gitaa linapiga kwa potenshiometa zangu za zamani, ambazo hazina swichi, na muunganiko wa mweusi na mweupe nimeufunga tepu ndani ya mwili wa gitaa ukisubiri hizo zenu.

Wenu,
Mteja
(Jina na namba ya oda viko nyuma ya bahasha.)